Mashine Isiyojua Salamu

Kompyuta ya kwanza kuingia masjala ya zahanati ile ya Temeke ilivishwa kitambaa kabla haijawashwa. Mama wa masjala alikifuma mwenyewe, cheupe chenye pindo la buluu, akakitandika juu ya kioo kama tunavyotandika juu ya redio sebuleni, kisha akaweka juu yake chupa ya maua ya plastiki. Nilipokwenda kuiwasha ikabidi niombe ruhusa ya kuhamisha maua. "Taratibu, mwanangu," akasema, "mgeni huyu." Mimi nilikuwa binti mwenye haraka na hasira za karibu, na nilikuwa nimetoka Kinondoni nimebeba disketi zangu kifuani kwa hofu ya jua. Maua ya plastiki yaliniudhi, lakini niliyahamisha taratibu.

Ofisi yetu ilikuwa Kinondoni, chumba cha uani katika nyumba ya watu, viatu tunaacha mlangoni kwa sababu ya vumbi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mji mzima unafunguliwa milango: mitumba kila kona, redio mpya hewani, na watu waliojua kompyuta wakiitwa wataalamu hata kama tulichojua ni kidogo. Kazi yetu ilikuwa programu ya kuandikisha wagonjwa. Hatukuiandika sisi. Iliandikwa na mhandisi mmoja katika mji wa kusini mwa India. Sisi tuliyageuza maneno yake kuwa Kiswahili, tukaipeleka kwa watakaoitumia, tukatazama inawashinda wapi, kisha tukamwandikia. Yeye alirekebisha na kutuma toleo jipya. Hadi wakati huo sikuwa nimemwona. Lakini ukisoma programu ya mtu kila siku unamfahamu, na huyu alikuwa mtu wa kupanga vitu vyake vizuri na kumwachia maelezo atakayemfuata.

Barua zetu zilipita kwenye laini ya simu. Kisanduku cha modemu kilipiga mluzi, kikakoroma, kikanyamaza, na mimi kila mara nilisimama kando yake kama mtu anayesubiri uji uchemke. Barua ya posta kwa wazazi wangu Tabora ilichukua muda hadi nasahau nilichowaandikia. Hii ya India, kesho yake asubuhi jibu limeshafika, limevuka bahari yote ile kwa waya uliokuwa unaning'inia nje kwenye mti wa jirani. Siku hizi vijana wanaongea na watu wa Marekani huku wakila chipsi, hawageuzi hata shingo. Mimi mpaka leo bado nashangaa.

Katika barua zake za mwanzo mhandisi alinipa sheria ya kazi. Kaa nyuma ya mtumiaji. Usimsaidie. Usiseme neno. Tazama anapokwama tu, kwa sababu anapokwama ni kosa la programu, si lake. Niliisoma sentensi ile ya mwisho tena na tena. Mimi nilitoka kwenye shule ambazo ukishindwa hesabu unachapwa wewe, na kwenye nyumba ambazo jiko likitoa moshi, aliyewasha ndiye hajui kuwasha. Sikuwahi kusikia kwamba aliyetengeneza kitu ndiye anayepaswa kuulizwa. Nilihisi kama mtu amenifungulia dirisha chumbani ambamo nilikuwa sijui kuna dirisha.

Sheria hiyo, hata hivyo, ilikuwa nyepesi kuiandika India. Jaribu kuitekeleza Temeke. Binti ukae nyuma ya mtu mzima wa rika la mama yako, umtazame anavyohangaika na kitufe, unyamaze! Mama wa masjala kila akikwama aligeuka kuniuliza kama nimekunywa chai. Nilikunywa chai nyingi sana katika kazi ile.

Naye alikuwa na jambo lililomhangaisha kuliko vitufe. Ule ulikuwa wakati wa kupunguzwa, watu wanaondolewa makazini mafungu kwa mafungu, leo unasikia jirani, kesho shemeji. Zahanati ile ilikuwa ya shirika la umma, na mganga mfawidhi, mkuu wa pale, alishatangaza bila kuzunguka: mhandisi atakuja mwenyewe kuikabidhi programu, siku hiyo litafanyika jaribio mbele ya watu, anayeiweza mashine atabaki masjala, na asiyeiweza atapumzishwa. Mama wa masjala alikuwa mjane, mwenyeji wa Kimbiji aliyeletwa mjini na ndoa. "Mie nikitoka hapa naenda wapi?" aliniambia siku moja akipanga kadi za wagonjwa. "Kimbiji hata jembe langu limeshaliwa na kutu."

Kwa hiyo alisifia. Kila nilipomuuliza programu ikoje, alijibu nzuri sana. Hiki je? Nzuri sana. Na hapa ulipokwama? Hapana, kidole changu tu, mashine nzuri sana. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akija mapema kabla yangu, anafanya mazoezi ya jaribio lote kwa kukariri, ili mimi nisiaibike na kazi yangu na yeye asionekane hajui. Hakuwa peke yake. Watu wote tuliowajaribu, kuanzia Tabata hadi Mabibo, walisema nzuri sana. Mgeni kaja na kitu chake, kakibeba toka mbali, utamwambiaje kibaya? Unamwambia kizuri, unamsindikiza, akishaondoka unahangaika nacho mwenyewe.

Nilituma sifa hizo zote India nikijivuna. Jibu lilikuwa fupi. Mhandisi aliandika kwamba hajawahi kuona programu isiyolalamikiwa na mtu, na kwamba maana yake ni moja tu: hakuna anayesema ukweli. Akakumbusha kwamba akishaikabidhi atahamishiwa kazi nyingine, na hakutakuwa na mtu wa kubadilisha chochote. Tafuta namna ya kuwafanya waseme, aliandika, mimi siwajui watu wako, wewe unawajua. Nilichukia siku nzima. Nilimwona Mhindi huyu mjeuri, mtu anasifiwa hataki.

Kilichotuokoa ni mgao wa umeme. Ulikatika asubuhi moja tukiwa katikati ya mojawapo ya majaribio yetu, feni ikasimama, tukabaki mimi na mama wa masjala tunajipepea kwa majalada. Kwa kukosa la kufanya, akaniuliza kwetu ni wapi.

"Tabora, mama."

"Tabora kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Alipiga makofi hadi mgonjwa wa dirishani akashtuka. "Mnyamwezi! Yaani siku zote hizi mie namletea maandazi mpagazi wangu! Namwita mwanangu! Simama hapo hapo, mizigo ya babu yangu umeitua wapi?"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu wakibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani na kupita katika ardhi ya babu zao. Mtani anaruhusiwa kukutukana popote, hata msibani mbele ya jeneza, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Nami nilikuwa nimekaa na heshima zangu koo limenikauka kwa muda mrefu.

"Mizigo niliileta, Mzaramo," nikamjibu. "Nikawakuta wote mko ngomani, sikumpata wa kumkabidhi. Nasikia hadi leo hamjatoka."

Alicheka akashika kaunta. Wagonjwa nao wakacheka, mmoja akadakia kwamba yeye ni Msukuma na anaomba achukuliwe kama shahidi wa upande wangu. Umeme ukarudi. Kompyuta ikapiga kile kilio chake cha kuamka, na mama wa masjala akaigeukia kwa jicho ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Na hili nalo mzigo wako, eh? Ndio umenibebea hili? Hebu niambie, mpagazi, lilifundishwa wapi adabu? Nikikosea kidogo linanipigia kelele mbele ya wagonjwa, kama mie mtoto wake. Kila nikigusa kitu linaniuliza nina uhakika, kwani nimeiba? Juzi nimejitungia bibi kizee wa majaribio, kazaliwa mwaka wa nzige, lenyewe linataka tarehe! Tarehe aitoe wapi? Bila tarehe halisogei, limekaa tu kama punda wa kwenu."

Niliyaandika yote. Kila alichotukana kilikuwa cha kweli. Nilikuwa nimekaa nyuma yake tangu mwanzo wa kazi na sikuwa nimepata hata kimoja, na sasa vinamwagika kwa kicheko, na hakuna aliyeaibika, yeye wala mimi wala mashine. Nilipanda basi kurudi Kinondoni nimeduwaa. Wazee wetu walitengeneza njia ya mtu kumwambia mwenzake ukweli mchungu na wakabaki ndugu, na mimi msomi nilidhani utani ni wa kuchekeshea watu harusini.

Nilimtumia mhandisi matusi yote kama yalivyo, na maelezo ya utani ni nini, nikiwa na wasiwasi atadhani nimepungukiwa akili. Kesho yake jibu lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kuniandikia. Kelele ataiondoa, aliandika. Swali la uhakika litabaki kwenye kufuta tu. Mahali pa tarehe mtu ataweza kuandika umri wa kukisia. Kisha akaandika kwamba kwao mtoto wa mjomba ndiye wanayemtukana hivi, na akianza kuwa mpole wanajua wamekosana. "Mwambie mama huyo," akamalizia, "kwamba kwa ninavyosoma ripoti zako, anapiga vitufe kama anavunja nazi."

Nilimsomea. "Kumbe kwao kuna nazi?" akauliza kwa mshangao wa dhati, na baada ya hapo mhandisi hakuitwa tena mgeni. Alimwita Mvunja Nazi. Kila juma alikuwa na tusi lake la kupeleka, na kila tusi lilikuwa na kasoro ndani yake, na toleo jipya liliporudi, kasoro ile haikuwepo tena. Nilimwona akigusa kioo kwa ncha ya kidole pale palipokuwa na swali la uhakika. "Kanisikia," alisema. Mtu ambaye hata mganga mfawidhi alikuwa hamuulizi chochote, amesema neno Temeke na mtu ameamka India akalitii. Nami nilikuwa katikati yao, nikipokea huku na kupeleka kule, nikihisi mwili unasisimka kila modemu ilipopiga mluzi.

Kitu kimoja tu hakukitukana, kwa sababu hakujua ni cha kutukana. Mhandisi alikuwa ameweka utaratibu wa kulinda siri za wagonjwa: ukurasa wa mgonjwa usipoguswa kwa muda mfupi unajifunga na kujifuta, ili anayesimama nyuma asisome ugonjwa wa mwenzake. Mimi niliupenda sana. Kwenye majaribio yetu haukuwahi kuleta shida, kwani wagonjwa wa majaribio walikuwa majina ya kubuni tu, na jina la kubuni halina watoto wala mji wa kuuliziwa habari.

Kisha mashine ikaanza kutumika kila asubuhi kwa wagonjwa wa kweli, na maneno yakaanza kwenye foleni. Mama wa masjala siku hizi anaringa. Kapata kompyuta, hasalimii mtu. Nilimletea maneno hayo kama utani, nikitegemea tusi zuri la kurudi. Hakunitukana. "Waache waseme," akajibu, macho kwenye vitufe.

Mhandisi alifika. Alikuwa mfupi, mvi pembeni mwa kichwa, na alipoona kandambili mlangoni mwa masjala alivua viatu bila kuambiwa. Sasa hapo kila kitu kikaharibika. Barua ni barua, lakini huyu alikuwa mtu na pua yake, kasimama mlangoni, katoka ng'ambo. Mama wa masjala akawa mpole ghafla. Kiti bora akapewa yeye, soda ikafunguliwa, kitambaa kipya kimetandikwa juu ya kioo, cha njano. Mganga mfawidhi akasimama pembeni, mikono nyuma. Mimi nikakaa nyuma ya mama kama sheria ilivyotaka.

Mgonjwa wa kwanza kuitwa alikuwa mzee mwenye mkongojo, mtu wa Kimbiji, jirani wa wazazi wa mama huyu. Akafika dirishani. Mama akaanza kuandika jina lake bila kuinua uso.

"Binti yangu," mzee akasema, "hata salamu?"

Vidole vilisimama. Kisha akainua uso. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo wewe? Watoto? Na yule wa Mbagala, kashajifungua? Na mguu wako?"

Hajambo, hawajambo, kashajifungua, mguu unaendelea. Na huko kwenu, baba, na bibi, na ule msiba. Aliporudisha macho kwenye kioo, ukurasa ulikuwa umejifuta. Akaanza upya. Mzee, ambaye sasa ndiyo kwanza amepata moto, akaanza habari ya mbuzi wake. Ukurasa ukajifuta tena. Mganga mfawidhi akatikisa kichwa na kutazama saa. Mama akaanza kuandika jina lile kwa mara ya tatu.

Mhandisi akaniuliza kwa Kiingereza kumetokea nini. Nikamuuliza mama.

"Mwambie mgeni mashine nzuri sana," akasema kwa sauti ndogo. "Kosa langu mie. Mdomo wangu mrefu."

Sikuhitaji kumtafsiria mhandisi. "Nzuri sana" alilijua, alikuwa amelisoma hivyo hivyo kwa Kiswahili kwenye ripoti zangu zote za mwanzo. Aliweka soda chini. Akasogea hadi kando ya kiti cha mama, na kwa Kiswahili cha mtu aliyekariri njia nzima ndani ya ndege, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni:

"Mzaramo! Wewe mwongo. Ngoma tu unajua."

Mganga mfawidhi alifungua mdomo ukabaki wazi. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mama wa masjala akageuza kiti chake polepole, akamtazama yule mtu toka miguu mitupu hadi mvi.

"Nani kamfundisha huyu?" akauliza. Kisha uso wake ukafunguka. "Mvunja Nazi! Kumbe ni wewe! Wewe ndiye uliyelizaa hili jitu! Sasa sikiliza, na mpagazi wangu atakutafsiria. Mashine yako haina adabu. Haijui salamu! Mtu anakuja anaumwa, nikimjulia hali tu, lenyewe linanuna, linafuta kila kitu. Sie huku hatukuzoeaga kuandika mtu kama gunia la mchele. Nimefunga mdomo, mie! Nimeacha kuwasalimia watu wangu, jirani zangu wananiona nimeota mapembe, na nyumbani nalia, nasema labda mie ndio mzito wa kazi. Kumbe ni wewe!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja, na akayafuta kwa pindo la kanga.

Nilitafsiri neno kwa neno. Mhandisi alisikiliza hadi mwisho. Akauliza salamu huchukua muda gani.

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea," akasema mzee wa mkongojo.

"Inategemea kama kulikuwa na msiba," akasema mganga mfawidhi, na nadhani hata yeye alijishangaa kuwa amejibu.

Mhandisi akaomba kiti cha mama. Akakaa pale miguu mitupu, akafungua programu mbele yetu, ile mistari niliyoijua kama mitaa ya kwetu, akaenda moja kwa moja kwenye muda aliouweka. Nilidhani atauongeza. Aliufuta kabisa. Badala yake akaandika kitufe kimoja cha kuufunika ukurasa mtu asiusome, na kitufe hicho hicho kikiguswa tena unarudi kama ulivyoachwa. Sikuwahi kuona mtu mkubwa wa kazi yake akiondoa alichokijenga mbele ya watu bila kununa. Nilisimama nyuma yake na nilijua, kwa uwazi ambao sijaupata mara nyingi maishani, kwamba hii ndiyo kazi ninayotaka kuifanya hadi nizeeke.

Alipomaliza akamrudishia mama kiti. Tukamwomba mzee atoke aingie upya. Akatoka, akapiga hodi mlangoni kwa mkongojo, akaingia kwa fahari ya mtu anayejua anatazamwa.

"Shikamoo, baba!" mama akasema, akaandika jina lake, na akakigusa kitufe.

Salamu ile ilikuwa ndefu kupita ya kwanza. Walianza upya kabisa, wakapita kwa watoto, wajukuu, mguu, mvua za Kimbiji, marehemu na waliobaki. Foleni ilisikiliza kwa utulivu, na wengine waliitikia pale walipohusika. Mhandisi aliniuliza kwa kunong'ona wanasema nini. Nikamwambia wanasalimiana tu. Akakodolea kioo macho, na nilimwona ameshika pumzi.

Hatimaye mama akageuka, akabonyeza. Jina la mzee lilikuwa pale pale, herufi zote, mahali alipoliacha.

"Umesubiri, mpagazi," akaiambia kompyuta.

Akaandika hadi mwisho, kadi ikatoka. Mganga mfawidhi akaichukua, akaisoma, akamrudishia, akamwambia Jumatatu awahi kufungua kwa sababu foleni ya Jumatatu huwa ndefu. Mama akaitikia kwamba atawahi. Kisha akamgeukia mzee, maana kulikuwa na habari ya mbuzi ambayo walikuwa hawajaimaliza.